Kijiji Kilichotukimbia Jumamosi Asubuhi

Tarehe 17 Mei 2025, siku ya Jumamosi, saa kumi na mbili na dakika chache asubuhi, kijiji kizima cha Mushebwe kilitukimbia.

Hatukuwa na bunduki. Hatukuwa na panga wala fimbo. Tulikuwa akina mama kumi na wanne na wanaume sita, wenye fulana za njano na jasho.

Jina langu ni Verdiane. Ninalima maharage hapa Masisi. Kusoma na kuandika nilijifunza nikiwa na miaka arobaini na saba, kwa hiyo ninaomba mnivumilie.

Mwalimu wetu wa darasa la watu wazima, Papa Kanyamibwa, ndiye aliyeanzisha klabu ya mbio. Alikuwa amechoka kutuona tukisinzia juu ya daftari.

"Bamama," alisema, "mbele ya kusoma tukimbie kidogo, damu iamuke."

Mimi nikachaguliwa kuwa sekretere. Nilikuwa ninaandika habari zote: tumekimbia wapi, nani amekuwa wa kwanza, nani ameanguka.

Niliandika safari yetu ya Rubaya, wakati njia ilipokuwa bado wazi. Kule tulipitwa mlimani na wabebaji wenye magunia ya mawe ya madini mgongoni. Mmoja aligeuka, akamwangalia Mama Émilienne, muuzaji wa vitenge kutoka Butembo, ambaye huwa wa mwisho kila mara.

"Mama, nani anakufukuza? Lete nikubebee hata mwili!"

Mama Émilienne alicheka hadi akakaa chini barabarani. Hiyo nayo niliiandika.

Basi, Jumamosi ile tulipanga kufika Mushebwe, kwenye barabara ya kuelekea Walikale. Mimi nilikuwa na sababu yangu. Binti yangu Tuyishime ameolewa kule, na mume wake anachimba madini mbali. Siku nne kabla alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Manzi, mjukuu wangu wa kwanza. Nilikuwa sijamwona bado.

Tulipotokeza kwenye kona, mwanamke mmoja alikuwa anafagia uwanja wake. Alituona. Akatupa ufagio, akapiga kelele kwamba wanakuja.

"Banakuya! Banakuya!"

Huku kwetu kwenye vita, kundi la watu likitokea mbio barabarani alfajiri, hakuna anayesimama kuuliza. Unashika mtoto, unashika sufuria, unaingia msituni.

Milango ilifunguka yote kwa mara moja. Nikamwona Tuyishime akitoka, mtoto kifuani, anaelekea kwenye migomba.

Niliongeza mbio nimfikie. Naye akaongeza.

"Tuyishime! Simama! Ni mimi!"

"Mama, kimbia! Usiniite, kimbia tu!"

Alidhani tunakimbia pamoja.

Kadiri nilivyomfuata ili nimtulize, ndivyo alivyozidi kuamini kwamba hatari iko nyuma yangu. Mwisho miguu iliniishia. Nikaketi kati ya migomba, nikalia. Ndipo akasimama, kwa sababu hajawahi kuona mtu anayefukuzwa akiketi.

"Mama, nani anakuya?"

"Hakuna muntu. Ni sisi. Tunafanya sport."

Aliangalia fulana yangu ya njano.

"Sport."

"Ndiyo."

"Mama, uko na akili kweli?"

Ilichukua zaidi ya saa nzima kuwatoa watu msituni. Chifu wa kijiji alimwelekezea Papa Kanyamibwa kidole.

"Mwalimu, mutoto wa muntu amevunjika mukono sababu ya sport yenu! Mungetujulisha. Si muko bantu ya kalasi? Muandike!"

Papa Kanyamibwa aliomba msamaha. Kisha wote wakanigeukia mimi, sekretere.

Niliandika kwa herufi kubwa, kwa mkono wangu mwenyewe: "TANGAZO. Kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, klabu ya mbio itapita hapa. Mkiona watu wanakimbia, msiogope. Ni sisi."

Chifu aliisoma karatasi hiyo mbele ya wote, akaipiga muhuri. Tuliibandika kwenye mlango wa kanisa. Ilikuwa mara ya kwanza maandishi yangu kupigwa muhuri. Niliugusa kwa kidole wino ukiwa haujakauka.

Jumamosi mbili zilizofuata zilikuwa sikukuu. Watu wa Mushebwe walijipanga kando ya barabara wakitupigia makofi na kututia moyo. "Courage! Courage!" Tuyishime alimwinua Manzi juu ya kichwa chake.

"Manzi, angalia koko yako anakimbia sawa mubuzi!"

Koko ni mimi, bibi yake. Nilikuwa mwanamke mwenye furaha. Ninasema ukweli.

Tarehe 7 Juni goti langu lilivimba, nikabaki nyumbani. Saa kumi na mbili na robo simu ililia.

"Mama, kuko bantu banakuya mbio. Ni nyinyi?"

"Bamevaa njano?"

"Ukungu iko mingi. Minaona miguu tu. Banatoka upande ingine, upande ya Walikale."

"Labda bamepita njia ya juu na sasa banarudi. Leo si Jumamosi?"

"Ndiyo, njo Jumamosi."

"Basi ni wao, mwanangu. Usitoe mutoto ku baridi. Kaa ndani."

Nyuma ya sauti yake nilisikia makofi. Nilisikia watoto wakipiga kelele, "Courage! Courage!" Tuyishime akacheka. Kisha réseau ya simu ikakatika.

Nilirudi kuchambua maharage yangu.

Muda mfupi baadaye Mama Émilienne aliingia uani kwangu. Fulana yake ya njano ilikuwa kavu kabisa.

"Mbona mumerudi haraka?" nilimwuliza.

"Kurudi wapi? Hatukuondoka. Askari wametuzuia ku barrière. Banasema mbele kule kuko masasi, bunduki inalia, tangu saa kumi na moja." Akasogea karibu. "Verdiane, sababu gani unaniangalia hivi?"

Nilichukua simu, nikampigia Tuyishime.

Waliotoroka Mushebwe na kufika Masisi siku ya pili walinieleza. Wale waliotoka kwenye ukungu walikuwa vijana wa kijiji cha mbele, waliokuwa wanaokoa roho zao, wenye bunduki nyuma yao. Wa kwanza hakuwa na pumzi ya kusema. Aliinua mikono kuwaonya watu wa Mushebwe. Wakadhani anawasalimu, wakazidi kumpigia makofi.

Bunduki zilipoanza, kila mtu alikuwa bado amesimama barabarani.

Nilipiga simu mara arobaini. Nilikwenda barrière, kwenye kizuizi cha askari, nikarudishwa. Nilikwenda tena, nikarudishwa. Nilikaa kando ya barabara siku tisa nikiangalia uso wa kila mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Mmoja alisema alimwona Tuyishime akiingia msitu wa Walikale. Mwingine alisema hapana, alimwona kule Mubambiro. Nilikwenda Mubambiro. Nilikwenda hadi Shasha, kando ya ziwa. Hakuna.

Papa Kanyamibwa aliniambia, "Mama, haukujua."

Ni kweli, sikujua. Lakini niliandika kama mtu anayejua.

Funzo langu ni hili, na nimelilipia: usimwondolee mtu woga wake kama huna usalama wa kumpa badala yake. Watu wa Mushebwe walikuwa na kitu kimoja tu cha kuwalinda, nacho ni kukimbia bila kuuliza. Mimi niliwafundisha kusimama.

Wewe unayesoma, hasa ukiwa Walikale au kwenye kambi yoyote ya wakimbizi, ninakuomba umpelekee na mwenzako maneno haya, naye ampelekee mwingine. Tuyishime ana miaka ishirini na mbili, ni mrefu, ana kovu la moto kwenye mkono wa kushoto. Mtoto wake anaitwa Manzi.

Mkimwona, msimwambie kwanza kwamba ninamtafuta. Mwambieni kwanza kwamba mama yake alikosea. Akiona watu wanakimbia, asinipigie simu.

Akimbie.