Kurasa za Karanga

Juzi sokoni Gitega muuzaji alinifungia karanga katika ukurasa wa riwaya ya Kiswahili. Niliusoma wote, mbele na nyuma, kabla ya kutafuna hata punje moja.

Utotoni, tulipotoka kambi ya wakimbizi Tanzania kurudi kwetu Giteranyi, mimi nilibeba riwaya moja tu niliyoipenda kuliko nguo zangu. Shangazi aliyetupokea aliniomba, nikampa. Kila asubuhi alichomoa kurasa chache, akaziweka kwenye kikapu chake cha karanga. Nikadhani anazisoma sokoni. Nilifurahi sana, maana hatimaye nimepata mtu wa kuzungumza naye habari za yule binti wa riwayani.

Alasiri moja nikamfuata nimuulize amefika wapi. Soko zima lilinuka karanga za kukaanga. Mtu mmoja alimimina zake mdomoni, akatupa karatasi, akapanda baiskeli. Tairi likapita juu ya harusi ya yule binti.

"Shangazi, kitabu changu!"

"Iko karatasi tu, we mtoto," akasema, akikunja nyingine. "Mi sijui kusoma. Na we si umeishakimaliza?"

Nilikimbia nyumbani nikaficha kurasa zilizobaki chini ya mkeka wangu. Nilijiona nimeokoa kitu.

Shangazi amefariki bila kujua yule binti aliishia wapi. Miaka yote ile tulilala chumba kimoja, mwisho wa hadithi ukiwa chini ya ubavu wangu, na sikumsomea hata mstari.