Njiti wa Yunusu

Asia alizaliwa miezi miwili kabla ya wakati wake, mdogo hata shangazi zake waliogopa kumshika. Mama mkwe, Bi Mwanahalima, alikuja kutoka kijijini Kinyala na amri moja: njiti haonjeshwi baridi ya Tukuyu. Basi mama mtoto, Kuruthumu, akamviringishia mwanawe blanketi juu ya blanketi, mchana mgongoni, jioni karibu na jiko, wala hakumshusha chini. Mapenzi hayohayo, jamani, ndiyo yaliyomfunga mtoto. Alipotimiza miaka miwili alikuwa hajatambaa wala hajasema neno. Bi Mwanahalima akaamua kwamba akili haipo. Masika yakiisha angekuja kumchukua, amlee kijijini mbali na macho ya watu.

Mwaka huo, 1976, maduka ya watu binafsi yalifungwa, na la mumewe Kuruthumu, Yunusu, nalo likafungwa. Kuruthumu akaenda kuchuma chai, mumewe akabaki na mtoto. Asiye na hili ana lile: duka hakuwa nalo, muda alikuwa nao. Mtaa mzima wa Makandana ulimcheka, mwanamume mzima na ndevu zake kujilaza sakafuni, kajifunika kanga ya mkewe, anamchungulia mtoto.

Siku moja Kuruthumu alirudi amelowa, akamkuta Asia chini bila blanketi, akiparamia maharage yaliyomwagika. Alimfokea mumewe mpaka sauti ikamkauka. Yunusu akamjibu taratibu, "Mama Asia, huyu hakosi joto. Anakosa wa kucheza naye."

Neno lile lilimuuma kwa sababu lilikuwa kweli. Tangu hapo, akitoka kwenye chai, kabla hata ya kubandika chungu, naye aliketi chini. Walificha harage kwenye ngumi, mtoto achague. Mwanzoni aligusa ngumi yoyote tu. Baadaye akaanza kuitazama mikono, halafu akagundua kwamba siri iko kwenye macho ya baba yake, yasiyoacha kuuibia mkono wenye harage. Akajifunza kusimama kwa kuvuta ndevu zake.

Masika yakaisha. Bi Mwanahalima akafika na kikapu cha kutilia nguo za mtoto. Asia akamwendea bibi yake akiyumba, akamnyooshea ngumi mbili. Bibi akagusa ya kulia, haina kitu. Ya kushoto, haina kitu.

"Mnaona wenyewe," akasema kwa huzuni. "Hata mchezo haujui."

Asia akatoa ulimi. Harage lilikuwa juu yake.

Bibi alimkodolea macho, kisha akacheka hadi machozi. Kuruthumu naye akalia waziwazi, hakuona haya. Bi Mwanahalima akasukuma kikapu kando, akavua viatu, akaketi sakafuni.

"Ficha tena, mke mwenzangu," akamwambia mjukuu wake.