Mkono wa Kulishia Keki

Kabla sijafumbua macho nilisikia mwiko ukigonga ndoo ya plastiki: du, du, kimya kidogo, du. Ndivyo asubuhi zilivyoanza nyumbani kwa mama mkubwa, Kiseke, nilikokwenda kukaa ili nimalize riwaya. Yeye alitengeneza sabuni ya maji uani, na karatasi zangu zilinukia waridi kabla hazijawa na sura ya pili.

Mwanzoni pafyumu yake ilinikera. Hakuichanganya mwenyewe. Aliinunua mjini Nyamagana ikiwa imeshachanganywa, kwenye chupa ya kahawia: waridi, udi, na kitu cha tatu ambacho hata muuzaji hakukijua. Nilimwambia fundi wa kweli huanza na ua lenyewe.

"Na hayo maneno unayoandikia umeyatunga wewe?" aliuliza bila kuacha kukoroga. "Si umeyakuta?"

Nilirudi chumbani.

Ijumaa moja jirani yetu, mama anayepaa sato mwaloni, kwenye soko la samaki, miaka yote, alisukuma mlango kwa kiwiko. Mikono ameifunga ndani ya kitenge. Kesho yake binti yake alikuwa na sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, ukumbini Buswelu.

"Dada, nimeosha kwa ndimu, kwa majivu, kwa kila kitu. Kesho namlisha mwanangu keki kwa vidole hivi, wakwe wanatazama. Akikunja pua, uso wangu nitauweka wapi?"

"Akikunja pua tutasema keki ni ya sangara," mama mkubwa alijibu. Wakacheka. Lakini yule mama alicheka huku mikono ikiwa palepale, kitengeni.

Mama mkubwa alitia vifuniko viwili vya pafyumu kwenye ndoo, akanipa mwiko, akaingia ndani kukaanga kahawa. Sikujua kahawa ya nini. Nilichokiona ni yule mama amekaa kwenye kigoda, ananusa vidole vyake kwa siri. Huruma ikanishika. Nikamimina nusu chupa.

Sabuni iliyokuwa nzito kama uji ikalegea ikawa maji. Yule mama akanawa, akanusa, akainua uso.

"Ni samaki yuleyule," alisema taratibu. "Ila amevaa suti ya harusi."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Mama mkubwa alitoka na kikaango mkononi, akaitazama ndoo, akanitazama mimi. "Mwandishi, palitaka neno moja, wewe umeweka hotuba." Kisha akavuta kigoda. "Waliochanganya pafyumu hii walijua kazi yao. Mimi siwezi kuwashinda, wala sitaki. Lakini yao ni kupamba. Kufuta ni juu yetu."

Akatwanga kahawa ile ya kwao Bukoba, ikiwa bado ina moto. Akamsugua yule mama kiganja, katikati ya vidole, chini ya kila kucha, polepole, kama anavyooshwa mtoto mchanga. Akasuuza. Akasugua tena. Ndipo akachota kwenye ndoo nyingine sabuni isiyotiwa pafyumu, akaiweka bakulini na kudondoshea pafyumu, matone matatu, akifunga chupa baada ya kila tone, labda kwa sababu yangu.

Alipomaliza kumnawisha kwa sabuni hiyo hakunusa. Pua yake ilikuwa ndooni tangu alfajiri, alisema, na yangu imelewa. Akanituma nje barabarani, nisirudi mpaka nisikie harufu ya vumbi. Nilisimama kule nikimwaza, mwanamke asiyeiamini pua yake, na hapo nikajua nimekuwa nikiishi na fundi.

Niliporudi, yule mama alimega andazi lililokuwa sahanini.

"Basi wewe ndiye bibi harusi. Fungua mdomo."

Nilifungua. Vidole vilifika hadi midomoni. Waridi lilikuwa mbali, kahawa karibu zaidi. Samaki nilimtafuta, sikumpata. Nikatafuna, na yule mama akanikodolea macho usoni, puani hasa.

"Amekunja?" aliuliza.

"Hajakunja," alisema mama mkubwa.

Yule mama alicheka kwa sauti, akijipiga makofi mapajani. Akajifunga kitenge chake kiunoni, akatuaga, akapita mlangoni. Akashika kitasa kwa mkono mzima, akaufunga mlango nyuma yake.