Ua langu lilifunguka Jumamosi, wao wakaja Jumapili

Habari zenu wakuu, na nyinyi mnaosoma kimya kimya bila kulogin.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, na mashahidi wapo hai, tunakaa nao mtaa mmoja hapa kambi ya Dzaleka, Malawi. Sijatia chumvi. Atakayesema ni chai, aje kambini aulizie Mama Riziki mshonaji, ataletwa mpaka mlangoni.

Mimi ni mkimbizi kutoka Bukavu. Nashona nguo za watoto, za kwaya, mapazia ukitaka. Na nina ugonjwa wa maua.

Sio maua yote. Ni aina moja tu, inaitwa daylily. Ua lake linafunguka asubuhi, jioni limenyauka, basi. Siku nyingine inafunguka tumba nyingine kwenye bua lile lile, mpaka tumba ziishe. Ukilikosa leo umelikosa.

Hapo pashikeni vizuri, maana ugomvi wote umetokea hapo.

Nilianzaje? Wakati nakaa mtaa wa Chinsapo, kabla serikali haijaturudisha kambini, niliitwa kupima mapazia kwa mama mmoja wa mjini Lilongwe, mwalimu mstaafu. Mkono unapima, macho yako nje. Kulikuwa na mstari mzima wa hayo maua, ya njano, mengine rangi ya damu ya mzee. Nikapima dirisha lile lile mara tatu. Yule mama akacheka, akanitoa nje, akanichimbia mche mmoja.

Kumbe ndiye mwenyekiti wa group ya wapenda maua hayo, akaniingiza. Ni watu kumi na kitu, wengi wana nyumba zenye geti. Msimu wa mvua wanatembeleana bustani kwa bustani, leo kwako, mwezi ujao kwa mwingine. Mnakunywa chai, mnakagua maua, mnabishana. Na mgeni anaruhusiwa kuondoka na vumbi la ua, akazalishe kwake ua jipya.

Hapo ndipo nilipopotea kabisa.

Maana wakuu, kuzalisha ua ni kazi ya mshonaji. Asubuhi umande ukishakauka unachukua kibano. Unanyofoa kijiti chenye vumbi kwenye ua la baba, unakipangusa kwenye ncha ya kijiti kirefu cha ua la mama. Umefungisha ndoa. Halafu unaweka alama usije ukasahau nani kaoa nani. Wenzangu wanatumia vibandiko vya plastiki. Mimi nyuzi ninazo za kila rangi, nafunga uzi mwekundu hapa, wa bluu pale, naandika kwenye daftari langu la vipimo. Upande mmoja viuno vya wateja, upande wa pili ndoa za maua.

Msimu wa kwanza sikupata hata mbegu moja. Kumbe haya maua ni ya koo mbili, ukoo huu na ukoo ule, na hizo hazizai pamoja hata ufanyeje. Hakuna aliyeniambia. Nilifungisha ndoa zaidi ya thelathini, zote tasa. Nilikasirika mpaka nikashona koti la mchungaji mkono wa kushoto kulia.

Msimu uliofuata nikapata mbegu kumi na tisa, nyeusi, zinang'aa. Zinapenda baridi wiki kadhaa kabla ya kupandwa, na mimi friji sina. Nikazifunga kwenye kitambaa kibichi, nikamuomba muuza soda aniwekee kwenye ya kwake. Mteja mmoja akaziona, akadhani ni dawa za mganga, akaacha soda yake mezani akaondoka. Muuza soda hajanisamehe mpaka leo.

Zikaota kumi na moja. Mbuzi wakala saba. Zikabaki nne, nikazipanda kando ya ukuta, pale ambapo wenzangu wote wana mahindi.

Sasa niwatambulishe kwa Mama Sifa. Ni jirani yangu, tunachangia ukuta, mtu wa Fizi kule kwetu Kongo, mkulima wa kuzaliwa. Kila asubuhi alikuwa na neno.

— Mama Riziki, we unapanda kitu haiingie mu nyungu! Batoto batakula rangi?

— We pita, Mama Sifa. Hii udongo ni yangu.

— Udongo ni yako, lakini njaa ni ya batoto!

Nisiwafiche, maneno yale yaliniuma. Watoto wangu walikula, nilishona mpaka vidole vikaota sugu, lakini yaliniuma. Sikung'oa mche hata mmoja.

Misimu ikapita. Miche mitatu ikatoa maua ya kawaida tu. Wa nne ukatoa ua ambalo sikuwahi kuona kwa mtu yeyote. Sitawaelezea sasa hivi lilivyokuwa, subirini kidogo.

Nikapiga picha, nikapanda minibasi mpaka Lilongwe. Group ina sheria moja: ua jipya halipewi jina wala haliandikwi kwenye daftari lake mpaka watu watatu waliolikuta limefunguka watie sahihi. Picha haikubaliki, kwa sababu zamani mwanachama mmoja alileta picha ya mtandaoni akasema ni ua lake. Sheria nzuri, sina ugomvi nayo.

Mwenyekiti akasema, "Nipe kichipukizi kimoja nikipande kwangu. Likifunguka hapa, wote tutaliona."

Wakapiga makofi. Wazo la huruma, sio?

Sasa, kwenye lile daftari kuna safu imeandikwa "bustani". Ua likionekana mara ya kwanza kwake, linaandikwa la bustani yake. Nilijua, daftari lile nimelisoma mbele nyuma. Labda hakuwa na nia mbaya. Sikutaka hata kuijua nia yake.

Nikasema hapana. Limezaliwa Dzaleka, mtaliona Dzaleka. Zamu yangu ya kutembelewa ni lini?

Wakarudi kukoroga chai zao.

Misimu yote hiyo nimekanyaga bustani zao zote. Kila safari naomba karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, nafika kwenye vigae vyao na viatu vya tope, navua. Zamu yangu haijawahi kutajwa. Mmoja akauliza kama kule kwetu kuna mahali pa kukaa. Nikamwambia tuko wengi mno kule, na wote tunakaa.

Wakaona aibu. Wakapanga Jumamosi, msimu huu, mche ukitoa ua tena.

Bua lilitoa tumba tatu. Mbili zikafunguka mapema, ikabaki moja, ya mwisho. Ukizalisha maua unajifunza kuisoma tumba: ikivimba na rangi ikaanza kuchungulia, ni kesho. Ijumaa mchana ilivimba. Nikafagia, nikaazima viti kanisani, nikakaanga beignets, yale maandazi yetu ya duara.

Saa kumi jioni message ikaingia. Mwenyekiti: "Mafuta hakuna mjini, magari yako foleni. Tutakuja Jumapili baada ya ibada. Ni siku moja tu."

Siku moja tu!

Wakuu, watu wa ua la siku moja wananiambia mimi siku moja tu!

Nikapiga simu. Nikamwambia, mwalimu, halitangoja. Akajibu kwa upole, "Pole sana mama. Unaona sasa? Ungenipa kile kichipukizi." Nikakata simu kabla sijasema neno la kunitoa kwenye group.

Jumamosi asubuhi likafunguka. Nilikaa chini mbele yake nikalia, nasema wazi.

Halafu hasira ikaja, na ile hasira ndiyo iliyonisaidia. Nikasimama njiani mbele ya nyumba nikaanza kuita kila anayepita. Njooni muone! Bure! Mama Sifa akawa wa kwanza, kaja na kicheko chake tayari. Akaangalia, akanyamaza. Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia Mama Sifa amenyamaza. Dereva wa kabaza akaegesha baiskeli yake, abiria naye akashuka. Mke wa mchungaji akaja, akawaita wa kwaya. Beignets zikaisha. Jioni ua likajikunja kama soksi iliyolowa.

Jumapili wakafika, watano, gari moja. Wakaikuta ile soksi.

Mwenyekiti akanishika bega. "Pole mama. Mwaka ujao."

"Hakuna mwaka ujao," nikamwambia. "Mashahidi ninao. Mnataka watatu, nina mtaa mzima."

"Lakini hao sio wanachama."

"Sheria yenu inasema watu watatu. Mwalimu, hawa ni nini?"

Majirani walikuwa wamesimama kando ya ukuta na nguo zao za ibada. Akawaangalia. Kiingereza changu hakikuwa kizuri siku ile, lakini kilimfikia. Akavuta kiti.

Mwalimu ni mwalimu, akafanya mtihani. Shahidi mmoja mmoja, wengine wakae mbali wasisikie. Mkalimani akawa Chisomo, mwanachama anayeuza miche soko la Area 36, wateja wake wengi ni watu wetu na Kiswahili chetu anakielewa. Mimi nikaambiwa nikae ndani, nisitoe hata kikohozi. Dirisha lilikuwa wazi, hilo hawakulifikiria.

Akaanza Mama Sifa.

— Ile ua iko rangi ya mawese, mawese ya kwetu Fizi, haijachanganywa na kitu. Mu katikati kuko jicho, nyekundu karibu na nyeusi. Na pembeni iko na mavolan, marinda-marinda, sawa robe ya mutoto wa première communion kanisani. Mi nilikuwa namuchekaka huyu mama. Jana nilikuja kucheka tena, kicheko ikakataa kutoka.

Akaja dereva wa kabaza.

— Ni kubwa sawa sahani ya chai. Jicho yake iko nyeusi-nyekundu. Lakini mi nilishangaa koo. Kule ndani kabisa, koo iko kijani. Kijani ya ndimu!

Nikasikia kalamu imesimama. Koo la kijani, wakuu, ndicho kitu wapenda maua haya wanakitafuta usiku na mchana. Mtu asiyeliona hawezi kulitunga. Mke wa mchungaji akaja, naye akasema kijani. Mwenyekiti akaagiza Mama Sifa aitwe tena, mbona yeye hakusema?

— Hamukuniuliza ya ndani! Kijani iko! Munafikiri mi sina macho?

Chisomo akacheka mpaka akashindwa kutafsiri.

Nikaitwa nje. Daftari likafunguliwa. Mama Sifa akaandika majina yake yote matatu, polepole, akavuka mstari. Wenzake wakatia sahihi. Kwenye "bustani" mwenyekiti akaandika Dzaleka, kwa mkono wake.

"Na jina?"

Kwa miaka yote nilikuwa nimepanga kuliita Riziki, jina la binti yangu. Nikaitazama ile soksi kwenye bua, nikawatazama wale watano.

"Mulichelewa," nikasema.

Majirani wakaangua kicheko. Mwenyekiti akauliza maana yake, Chisomo akamwambia. Kalamu ikakaa hewani. Sikupunguza neno. Mwisho akaandika, mimi namtajia herufi moja moja, mpaka ya mwisho.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu akikwambia umpe kitu chako akionyeshe kwake ili kionekane, kwanza muulize kwa nini miguu yake haifiki kwako. Na usidharau jirani anayekucheka kila asubuhi, maana anakuja kila asubuhi.

Wenye maua, wenye ubishi, na mnaoona nilikosa adabu kwa mwalimu, mwageni hapa chini. Sitafuta comment ya mtu.

Nimeongeza baadaye: leo mwenyekiti ameandika kwenye group, mbele ya wote, "Naomba mche mmoja wa Mulichelewa." Nimemjibu karibu sana Dzaleka. Uje Jumamosi.