Mkono wa Salvina na Nondo ya Kumi na Mbili

Ukishuka Nkwenda siku ya gulio ukauliza anapopatikana Mama Mwesiga, utaulizwa kwanza, "Yule wa nondo?" Usishangae. Akina Mama Mwesiga hapa wako wengi, ila wa nondo ni mmoja. Jina lake la ubatizo ni Salvina. Utamkuta amesimama mbele ya meza ya mbao iliyopigiliwa misumari minene, anakunja ringi, yaani vile vyuma vyembamba vya mraba vinavyozishika nondo pamoja ndani ya nguzo ya zege. Anakunja huku anaongea. Mkono una kazi yake na mdomo una kazi yake, wala haiingiliani.

Wageni wakisikia habari zake hutafuta jitu. Wanampita. Ni mama wa kawaida, amejaa kidogo mabegani, kitenge kimefungwa juu ya suruali ya kazi. Ukitaka kumjua mtazame viganja. Akikupa mkono kukusalimia hakubani, maana anajiogopa mwenyewe, lakini unahisi kama umeingiza vidole katikati ya mbao mbili.

Alizaliwa Bweranyange, akaolewa Kamuli na Elipidius, fundi cherehani, mwanamume mwembamba wa sauti ya chini ambaye hata akikasirika inabidi umuulize kama amekasirika. Kibanja chao kina migomba na kahawa za kutosha nyumba, hazizidi. Mwesiga, mtoto wao, alipoanza masomo ya juu Bukoba, Salvina akaenda kubeba maji kwenye jengo moja pale Nkwenda. Huko ndiko alikokutana na mzee Mbonimpa, fundi wa nondo. Mzee alimwona akikamua gunia lililoloa, akalinyonga mara moja tu likatoka kavu.

"Wewe mama," akamwita, "hayo maji waachie wenzako. Njoo huku kwenye chuma."

Mbonimpa alimfundisha meza, alimfundisha vipimo, na siku moja ya mvua, kazi imesimama, akachukua msumari wa inchi sita, akauzungushia kitambaa, akaukunja kwa mikono mitupu kama mtu anayekunja barua. Akampa Salvina mwingine. Salvina akauvamia. Alivuta, aliminya, alitoa macho, mishipa ya shingo ikasimama. Msumari ukabaki umenyooka vilevile. Mzee alicheka mpaka akakaa chini.

"Unagombana nao! Kwani huo msumari umekutukana? Tuliza mabega. Viwiko vibane mbavuni. Usivute kwa ghafla, bonyeza, halafu ngoja. Chuma kitakukatalia, kitakukatalia, halafu kitalegea mara moja. Kikilegea usipumzike. Ukipumzika hapo umekipa nafasi ya kujikaza upya."

Basi akaanza mazoezi, na mazoezi yake hayakuhitaji ukumbi. Ndoo ya maji aliibeba kwa kushika ukingo kwa ncha za vidole, akaacha mpini. Mkungu wa ndizi aliubeba kwa kuukamata kikonyo, mkono umenyooka, kutoka shambani hadi jikoni. Mablanketi aliyanyonga yakiwa yameloa mpaka majirani wakawa wanamletea ya kwao, wakisingizia kumsaidia mazoezi. Kutoka msumari akaenda nondo ya milimita sita, kisha ya nane, kisha ya kumi. Ya kumi na mbili, ile yenye mistari inayotumika kwenye nguzo, ilimchukua misimu kadhaa ya kahawa. Alikuwa anaikata urefu wa fimbo ya kutembelea, Elipidius anaishonea mfuko wa jinzi kuukuu isimchubue, naye anaishika kifuani na kuibonyeza hadi ncha mbili zikutane.

Nondo iliingia kanisani hivi. Mwaka mmoja kahawa ilitoa maua ikayaangusha, na sikukuu ya mavuno ikafika Salvina hana cha kupeleka. Sikukuu ile watu huleta sadaka ya mazao, na baada ya ibada mazao yananadiwa uwanjani. Salvina akapeleka nondo. Akaikunja mbele ya watu, wakashangilia, mzee wa kanisa Benjamin akainadi, ikagombewa kuliko jogoo. Tangu hapo ikawa desturi. Mavuno bila nondo ya Mama Mwesiga, watu wanasema ibada haijaisha.

Mwaka huu, masika yalipokolea, aliteleza kibanjani juu ya majani ya mgomba yaliyooza, akaangukia mkono wa kulia. Kifundo kikavunjika. Alifungwa hogo la plasta, na lilipotolewa, mkono uliotoka humo haukuwa wake. Ulikuwa mwembamba, umepauka, hauwezi kufungua kifuniko cha chupa. Daktari akamwambia mfupa umeunga vizuri, ila akamwonya: ukivunjika tena palepale, hata kisu cha kumenyea ndizi hatakishika.

Akaanza upya kama mtoto. Alikuwa anafinyanga ndizi mbivu ndani ya bakuli, taratibu, asubuhi na jioni. Kisha kitambaa chenye maji. Kisha taulo. Kazini walimrudisha kwenye ringi, chuma cha sita, lakini meza ya nondo nene ilikuwa inamngoja, na fundi mkuu alishamuuliza kama yuko tayari. Elipidius ndiye aliyekuwa akimenya ndizi nyumbani muda wote huo. Alimenya vibaya mno, maganda manene kiasi kwamba mbuzi walinenepa.

Mavuno yalipokaribia, akamwambia mkewe, "Mwaka huu si tupeleke mkungu kama watu wengine?"

"Nitapeleka nondo."

"Mama Mwesiga, mkono huo."

"Ndiyo maana. Nataka kujua kama umerudi. Ringi haziniambii kitu. Nikiikunja ile ya kumi na mbili, nitamwambia fundi nirudi kwenye nondo nene. Ikinishinda, nitajua nibaki kwenye ringi. Basi, sitaki kubahatisha."

"Si ujaribu hapa nyumbani, peke yako?"

"Hapa nyumbani nitajionea huruma. Na wewe utanionea huruma. Wale pale kanisani hawana huruma."

Hilo la mwisho ndilo lililomkosesha Elipidius raha. Alikuwa amemsikia Agnetha, jirani yao, akipima gauni pale kwenye cherehani na kusema kwa kicheko, "Mwaka huu tutaona kama chuma nacho kina huruma kwa wagonjwa." Agnetha hana ubaya, ni mdomo tu, lakini Elipidius alilibeba neno lile mpaka nyumbani, akalala nalo. Akawaza uwanja mzima ukimcheka mke wake. Mbwenu, basi, mtu akipenda sana anaweza kufanya jambo la kijinga kwa mikono safi kabisa. Alishona mfuko wa jinzi mnene zaidi, wenye tabaka mbili, akautia nondo ya kumi, tena ile laini isiyo na mistari. Ukiishika kwa nje, unene ni uleule. Ile ya kweli akaifunga kwenye gunia, akaipakia nayo kwenye pikipiki, kwa sababu moyo ulimkataza kuiacha nyumbani.

Ibada ikaisha, watu wakatoka uwanjani. Benjamin akapanda juu ya benchi.

"Haya, haya! Mkungu huu, tazameni, vidole kama vya askari magereza! Nani anautaka? Agnetha, waitu tafadhali, usiupapase kama hununui, utauivisha!"

Mikungu ikaenda, maharage yakaenda, kuku mmoja akatoroka akarudishwa, naye akaenda. Kisha Benjamin akashusha sauti. "Sasa, ile tuliyokuwa tunaingoja."

Salvina akasimama katikati. Elipidius akamletea nondo ndani ya mfuko wake, akampa, akarudi nyuma haraka kuliko kawaida.

Kiganja kilijua palepale. Mtu aliyeshika nondo miaka yote ile hahitaji mizani. Akaisogeza kifuani, akabana viwiko, akabonyeza kidogo tu, na chuma kikaitika bila hata kumkatalia. Akaacha kubonyeza. Akainua macho kumtafuta mumewe. Elipidius alikuwa anakagua viatu vyake.

Watu uwanjani hawakujua hayo. Walichokiona wao ni Mama Mwesiga amejaribu na kuacha.

"Kimegoma!" Agnetha akapaza sauti. "Pole, shoga yangu!"

Salvina angeweza kuikunja, hebu fikiri. Ilikuwa pale mkononi, imeshaanza kulegea. Wangeshangilia, na kesho yake angesimama kwenye meza ya nondo nene akiamini mkono umepona.

"Baba Mwesiga," akaita, "hebu njoo."

"Mimi?"

"Wewe uliyeifunga."

Elipidius akaja kama mtu anayeitwa na polisi. Salvina akamsogelea, akasema kwa Runyambo, kwa sauti ya watu wawili, "Hii ni ya kumi."

"Nilifikiri..."

"Najua ulichofikiri. Ikunje."

"Mbele ya watu?"

"Si ulikuwa tayari mimi nidanganyike mbele ya watu? Shika. Viwiko ndani."

Akashika. Mtu wa sindano na uzi, suruali inampwaya kiunoni, ameshika nondo kifuani mbele ya mtaa mzima. Kicheko kikaanza upande wa vijana.

"Mzee, usije ukakunjika wewe!"

"Msimcheke," akasema Salvina. "Baba Mwesiga, tuliza mabega. Bonyeza. Usivute, bonyeza! Ngoja. Ngoja... Hapo! Usipumzike!"

Nondo ikakunjika. Polepole, kwa kutetemeka, lakini ilikunjika, ncha zikaja zikaangaliana. Uwanja ukalipuka. Vigelegele, makofi, ngoma ya kwaya ikapigwa na mtu ambaye si mwanakwaya. Elipidius alikuwa anaitazama ile nondo kana kwamba imekunjwa na mtu aliyesimama nyuma yake.

Angeweza kunyamaza hapo naye. Hakunyamaza. Akainua mkono mpaka kelele zikapungua, na kwa mara ya kwanza watu wakamsikia akipaza sauti.

"Hii ni ya kumi. Tena laini. Nimemfungia mimi, nilitaka asiaibike. Ya kwake iko kwenye gunia, nyuma ya ngoma."

"Maawe!" Agnetha akashika kiuno. "Kumbe fundi anashona mpaka uongo!"

Wakacheka, na safari hii Elipidius alicheka nao. Akaenda mwenyewe kulileta gunia.

Salvina akaitoa nondo ya kumi na mbili, akazungushia kanga pale pa kushika, maana mfuko ule mnene hakuutaka. Akaiweka kifuani. Akabana viwiko, akatuliza mabega, akabonyeza na kungoja. Ikamkatalia. Akaendelea kubonyeza. Ikamkatalia. Jasho likamtoka, uso umetulia kama wa mtu anayesikiliza redio yenye sauti ndogo. Kisha ikalegea, ikaanza kushuka, watu wakaanza kuguna kwa furaha, ikafika kama kiwiko cha mkono kilichokunjwa.

Hapo akahisi kitu kwenye kifundo, kwenye shina la kidole gumba. Hakikuwa maumivu makubwa. Ni kama uzi unaovutwa. Zamani angekipita. Alishapita makubwa kuliko hayo. Akaacha kubonyeza, akasikiliza, kisha akaishusha nondo taratibu.

"Imeishia hapo," akasema.

Hakuna aliyejua la kufanya. Nondo iliyokunjwa nusu haijawahi kunadiwa. Benjamin akaipokea, akaigeuza huku na huku, akakohoa.

"Haya... tunayo... tunayo pembe hapa, ndugu zangu..."

"Lete kwangu!" Ni Agnetha. "Mimi naitaka hivyohivyo. Ile ya mwaka juzi niliyonunua imekunjwa yote, haifai hata kuchokonolea moto. Hii naipigilia chini, nafungia mbuzi. Mama Mwesiga, hatimaye umetengeneza kitu cha maana!"

Salvina alicheka mpaka akashika tumbo, kwa mkono wa kushoto. Mtu mwingine akapandisha bei, Agnetha akapandisha zaidi, na mbuzi wa Agnetha wakapata kigingi kilichogombewa na mtaa mzima.

Jioni, nyumbani Kamuli, Elipidius alitafuta msumari ukutani wa kutundikia nondo yake. Benjamin alikuwa amemrudishia, amesema kitu kilichokiri dhambi hakinadiwi.

"Ishushe," Salvina akamwambia. "Wageni wakiishika watacheka. Laini kama ndizi iliyochemka."

"Lakini nimeikunja."

"Umeikunja. Na viwiko vilikuwa vizuri." Alikuwa amekaa kwenye mkeka, kifundo amekizungushia kitambaa cha maji ya moto. "Jumatatu nitamwambia fundi aniache kwenye ringi mpaka nimwambie mwenyewe. Ule uzi nimeusikia. Ningeikunja ile yako, nisingeusikia."

Elipidius akaiweka nondo chini, taratibu, kisha akatazama kikapu cha ndizi kando ya jiko, akamtazama mkewe kwa matumaini.

"Sasa kwa kuwa umefika mpaka kwenye kiwiko," akasema, "hizi ndizi..."

"Baba Mwesiga, kanisa zima limeona mkono haujarudi. Kisu kile pale. Na leo menya maganda membamba."