Dawa ya Maji

Mume wangu hakuwaita samaki wake samaki, aliwaita kazi. "Ngoja nimalize kazi," anasema, naye ameketi tu mbele ya tangi la kioo sebuleni kwetu Kharumwa, anasaga chakula chao kwa vidole mpaka kiwe vumbi, maana kwa vinywa vile hata punje ya sukari ingewakwama.

Kazi nyingine hakuwa nayo tena. Mapafu yake yaliishia kwenye karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, alikosimama miaka mingi na kitambaa puani. Tangi alilinunua Mwanza wakati bado anapata. Wenzake walinunua pikipiki na spika kubwa. Yeye alishuka kwenye basi amepakata mfuko wa maji wenye samaki wembamba kama njiti za kiberiti, kila mmoja na mstari wa bluu ubavuni unaowaka kama taa. Nilinuna, lazima niseme. Baadaye, nilipoona hafiki sokoni bila kukaa chini njiani, nilishukuru kwamba kuna kitu kinamwamsha asubuhi.

Wachimbaji wenzake wa zamani wakija kumjulia hali walimtania.

"Ngosha, hawa mnawakaanga lini?"

"Nikishakukaanga wewe."

"Hawajai hata kijiko! Shemeji, huyu anakulisha picha."

Anacheka mpaka kikohozi kinamshika, nao wanaangalia sakafu.

Kuwatunza kulikuwa kugumu kuliko kulea kichanga. Baridi ya asubuhi ya mwezi wa sita inawaua, kwa hiyo tangi linavishwa blanketi. Maji ya kisima yana chumvi, yanawaua. Ya bomba yametiwa ile dawa ya kuua vijidudu, nayo inawaua pia. Muuza samaki kule Mwanza alimuuzia kichupa cha kuiondoa hiyo dawa ya bomba, akamwambia, "Kila ukibadilisha maji, usisahau dawa ya maji." Na sisi nyumbani tukakiita hivyohivyo.

Mwaka huu alizidiwa, ikabidi alazwe Shinyanga, nami nikaenda kumuuguza. Nyumba tulimwachia mama yake, aliyekuja kutoka kijijini kwa ajili hiyo. Kabla hatujaondoka mume wangu alimwonyesha Mama namna ya kuwatunza, lakini alikuwa anahema, akaonyesha kwa kidole zaidi kuliko kwa maneno. Je, kichupa alimwonyesha? Yeye anasema ndiyo. Mama anasema hapana. Mimi nilikuwa chumbani nafunga mizigo, kwa hiyo sina upande.

Kila siku akiwa wodini aliuliza habari zao kabla hajauliza habari ya nyumba. Siku moja nikampigia Mama, nikaweka sauti ya nje ili wazungumze.

"Mayu, maji vipi?" akamuuliza mama yake.

"Yamepungua. Na chini kuna uchafu."

"Chota hayo kidogo, uongeze ya bomba. Ila utie dawa ya maji."

"Dawa ya maji?"

"Ee, Mayu. Ya maji." Kikohozi kikamkatiza.

"Haya, ng'wanone, usijichoshe. Ninayo."

Lile neno "ninayo" nililisikia vizuri. Sikulitilia maanani. Mimi niliishia darasa la saba, lakini sidhani kama hapo ilihitajika elimu. Huku kwetu dawa ya maji ni moja tu: vile vidonge ambavyo watu wa afya hugawa kipindupindu kikiingia. Unatia kwenye ndoo, unasubiri, unakunywa. Mama hutembea navyo vimefungwa kwenye pindo la kanga, na maji ya ugenini hayanywi bila kuyatia dawa. Ni dawa ileile ambayo kichupa kilinunuliwa kuiondoa. Na kwa kuwa ilikuwa kazi ya mwanawe mgonjwa, hakutia kwa kubania.

Aliponipigia nilitoka nje ya wodi.

"Wamelala ubavu," akasema. "Wote, juu ya maji. Nimejaribu kuwapepea."

Nikamuuliza alitia nini, akanieleza bila kuficha. Akaongeza kwamba umeme nao ulikuwa umekatika mpaka asubuhi, mashine inayowapulizia samaki hewa majini ikazima. Kwa hiyo sijui. Huenda ni umeme. Watu hapa mtaani wanasema ni vidonge kana kwamba walikuwepo, na mimi sipendi.

Tulikubaliana tusimwambie mpaka atoke.

Alipotoka, tukafika nyumbani, aliingia ameshika ukuta, akaenda moja kwa moja kwenye tangi. Ndani walikuwemo samaki wa kijivu, wa lile lambo wanakonyweshwa ng'ombe. Mama alikuwa amewatega kwa chandarua kikuukuu.

"Mayu, hawa ni akina nani?"

"Ni samaki."

"Wangu wako wapi?"

"Wako wameisha, baba. Nimekuletea hawa. Nimewawekea maji ya lambo lao, sikutia kitu."

Nilidhani atapiga kelele, nikasahau kwamba hana pumzi ya kupigia kelele. Akaketi, akauliza ilikuwa dawa gani. Mama akafungua pindo la kanga, akamwekea vidonge kiganjani. Alivitazama, akakitazama kichupa kilichokuwa juu ya kabati.

"Mimi ndiye niliyesema dawa ya maji," akasema.

"Na mimi ndiye niliyetia," akajibu Mama.

Akavichukua vidonge vyake, akavifunga tena kwenye pindo.

Samaki wa lambo hawafi. Baridi hawaijui, chumvi hawaijui, umeme ukikatika wanacheza gizani. Mama anawatupia makombo ya ugali nao wanagombania. Hawamhitaji mtu. Mume wangu aliwaangalia siku za mwanzo, nadhani kwa kumridhisha mama yake, kisha akaniomba nimgeuzie kiti kitazame mlangoni.

Jana jikoni Mama aliniuliza kwa sauti ya chini, "Amenikasirikia?" Nikamwambia hapana, na naamini sikumdanganya. Hasira yake ningeitambua, nimeishi naye. Anakaa tu, mchana mzima, na wale wa kijivu nyuma yake wananenepa.