Ndimu Mlangoni kwa Baltazar

Saa mbili asubuhi, mjini Mbulu. Baltazar Tluway, 54, fundi wa kupaka vyombo dhahabu, anavaa glavu, anafungua madirisha yote mawili na kusubiri upepo uingie. Mezani kuna beseni dogo la dawa ya dhahabu. Iliyobaki inatosha kazi moja tu: kikombe cha misa cha kigango kimoja cha Nambis, ambacho ndani kimechakaa hadi shaba inaonekana. Kinatakiwa Jumapili, na kigango hakina kingine.

Aliyekileta ni Scolastica, 68, anayefagia kanisa dogo la kigango hicho. Baltazar anamwamkia shikamoo, anakipokea kwa mikono miwili, ananusa. Papo hapo anamrudishia na kumwomba akae nacho uani.

"Mwanangu, mbona unanifukuza kama mbuzi aliyeingia kwenye mahindi?" anauliza Scolastica.

Kumbe, ili kumpunguzia fundi kazi, amekisugua kwa ndimu na majivu kama anavyosafisha vyombo vyake, akakifunga kitambaani kikiwa bado kimelowa.

Dawa ile ina sianidi, sumu inayoifanya dhahabu ikae ndani ya maji. Waya mmoja wa umeme hushikizwa kwenye kikombe, mwingine kwenye bamba lililozama humo. Umeme ukipita, dhahabu huacha maji na kuganda juu ya shaba, utando mwembamba kuliko unywele. Lakini sianidi ikikutana na ndimu au tindikali, hutoa hewa inayoua.

Baltazar anaijua hewa hiyo. Akiwa na miaka 29, kwenye karakana aliyojifunzia Arusha, mtu alimwaga mabaki ya tindikali na ya dawa katika ndoo moja. Baltazar alianguka. Mwenzake, Joakimu, alibana pumzi, akaingia na kumburuta hadi nje.

"Angeweza kukimbia kama wengine," anasema. "Kila asubuhi nikivuta pumzi, namshukuru." Kifungua mimba wake anaitwa Joakimu.

Anashukuru pia kuzaliwa zama hizi. Kabla umeme haujaingia katika kazi hii, yapata miaka mia mbili iliyopita, mafundi walipaka dhahabu iliyochanganywa na zebaki, kisha wakaichoma. Moshi wake uliwaacha wakitetemeka mikono, wengine wakivurugika akili.

Pale uani anamweleza Scolastica yote hayo taratibu, huku akikiosha kikombe kwa maji ya magadi, yaleyale ya kupikia maharage, ambayo hukata ukali wa ndimu. Kisha maji safi, mara tatu. Mama ndiye anayemimina.

"Ningekuua, mwanangu."

"Ulitaka kunisaidia, mama. Mimi ndiye niliyesahau kukuonya."

Kabla ya saa nne kikombe kinatoka kwenye beseni, ndani kikiwa cha njano kama kiini cha yai la kienyeji. Scolastica anakiviringisha ndani ya kanga yake kama mtoto mchanga.

Dawa isiyo na sianidi ipo, ila bei yake inakaribia mara mbili ya hii. Baltazar amepanga kuinunua kabla ya Krismasi.

"Nataka mama kama huyu akija tena na mikono inayonukia ndimu," anasema, "nimkaribishe ndani moja kwa moja."